Maziwa Kupanda na Pumzi Kukatika kwa Watoto Njiti wa Kambove

Mtoto aliyezaliwa wiki ya 30 ya mimba husahau kupumua. Kifua chake kinapanda na kushuka kwa haraka, kisha kinatulia, na kwa sekunde kumi, kumi na tano, ishirini, hakuna kinachosogea. Midomo inaanza kuingia rangi ya bluu na mapigo ya moyo yanapungua. Mara nyingi anajikumbuka mwenyewe, anavuta pumzi moja kubwa na kuendelea. Mara nyingine hajikumbuki mpaka mtu amguse. Madaktari wa watoto wameweka mpaka: pumzi ikikatika kwa sekunde 20 au zaidi, au kwa muda mfupi kuliko huo lakini moyo ukapunguza mwendo au oksijeni ikashuka katika damu, hapo inahesabiwa kuwa ni shida ya kutibiwa. Vituo vya sekunde tano mpaka kumi, vinavyopokezana na pumzi za harakaharaka, ni mwendo wa kawaida wa watoto wachanga na havihitaji dawa.

Mtoto huyo huyo hucheua. Maziwa aliyopewa muda mfupi uliopita yanarudi mdomoni na kuchuruzika kwenye pembe ya midomo, pengine yakiwa na harufu ya uchachu. Mambo haya mawili yakitokea kwa mtoto mmoja ndani ya saa moja, akili huyafunga pamoja bila kuuliza: maziwa yamepanda, yamemziba, ndiyo maana pumzi imekatika. Mama huamini hivyo, muuguzi huamini hivyo, na kwa miaka mingi madaktari nao waliamini hivyo. Ushahidi uliokusanywa tangu mwanzoni mwa karne hii unasema vingine, na tofauti hiyo ina uzito mahali kama Kambove, ambako vidonge vya tumbo hupatikana kirahisi kuliko dawa ya pumzi.

Kambove ni mji wa shaba katika jimbo la Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kilomita ishirini na kitu kutoka Likasi na kiasi cha kilomita 150 kutoka Lubumbashi. Mji huo uliletwa na migodi ya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, na reli ikaufikia mwaka 1913. Katika miaka ya 1920 kampuni ilianza kuachana na vibarua wa muda na kuwakalisha wafanyakazi kambini pamoja na wake zao. Kwa kuwa mtoto wa siku ile alihesabiwa kuwa mchimbaji wa baadaye, kambi zikapata vyumba vya kujifungulia na mizani za kupimia watoto. Haikuwa huruma tupu, lakini desturi ya mama kupeleka mtoto kwenye mizani ilibaki. Kampuni ya serikali, Gécamines, iliyorithi migodi mwaka 1967 ilirithi na hospitali, na kampuni ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990 hospitali nazo ziliteseka. Mtoto njiti anayezaliwa kijijini katika eneo la Kambove ana ngazi ya kupanda: kituo cha afya, hospitali kuu ya rufaa ya zoni ya afya, kisha Likasi, na mwisho Lubumbashi, kwenye Hospitali ya Jason Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu. Kutoka ngazi moja hadi nyingine ni barabara, na barabarani ni mahali pabaya kwa mtoto anayesahau kupumua.

Amri ya kupumua hutoka kwenye shina la ubongo, sehemu iliyo juu tu ya uti wa mgongo. Kwa mtu mzima kazi hiyo haina makuu: hewa ya ukaa ikizidi katika damu, shina la ubongo linaongeza pumzi, oksijeni ikipungua, linaongeza pia. Kwa mtoto wa wiki 28 au 30 neva za kazi hiyo bado zinaungana. Hewa ya ukaa ikizidi, mwitikio wake ni hafifu. Oksijeni ikipungua hutokea jambo la ajabu zaidi: anapumua kwa kasi kwa dakika moja hivi, halafu, badala ya kuendelea kuipigania hewa, anapunguza pumzi na hata kuziacha. Tabia hiyo ilimfaa tumboni, ambako oksijeni ilitoka kwenye kondo la mama wala si kwenye mapafu yake, na kujihangaisha kupumua wakati wa upungufu kungekuwa kupoteza nguvu bure. Ametoka nayo kabla ya wakati wa kuiacha.

Tena koo lake ni laini mno. Kichwa ni kizito, shingo haina nguvu, na kidevu kikiangukia kifuani njia ya hewa inajikunja. Kwa hiyo pumzi hukatika kwa namna tatu. Pengine ubongo hautoi amri, na kifua hakisogei kabisa. Pengine amri inatoka, kifua kinahangaika, lakini hewa haipiti. Na karibu nusu ya matukio yote ni mchanganyiko: ubongo unanyamaza, koo linalegea, na amri inaporudi inakuta njia imeziba. Mashine inayohesabu pumzi kwa mwendo wa kifua haitambui koo lililoziba, maana kifua bado kinacheza. Muuguzi anayetazama rangi ya ulimi hulitambua.

Nani ataipata shida hii huamuliwa zaidi na umri wa mimba. Hesabu za daktari Henderson-Smart wa Australia, zilizochapishwa mwaka 1981, bado hufundishwa: asilimia 7 ya waliozaliwa wiki ya 34 au 35, asilimia 15 ya wale wa wiki ya 32 na 33, zaidi ya nusu ya wale wa wiki ya 30 na 31, na karibu wote waliozaliwa kabla ya hapo. Huanza katika siku za kwanza za maisha, na hutulia kadiri ubongo unavyokomaa. Wengi huwa wameachana nayo wanapofikisha wiki 36 au 37, zikihesabiwa tangu mwanzo wa mimba. Waliozaliwa kabla ya wiki 28 wanaweza kuendelea mpaka wiki ya 43 au 44. Pasipo na kipimo cha picha, umri wenyewe ni wa kukisia, kwa tarehe ya hedhi anayoikumbuka mama na kwa mikunjo ya nyayo za mtoto. Ndiyo maana kila mtoto wa kilo moja na nusu hulindwa kama njiti mpaka ithibitike sivyo.

Ratiba hiyo ni kipimo kisichogharimu hata faranga moja. Mtoto anayekata pumzi saa chache tu baada ya kuzaliwa, au aliyetulia wiki nzima halafu ghafla akaanza, hapaswi kuandikiwa unjiti na kuachwa. Wa kwanza kushukiwa ni uambukizi wa damu, kwa sababu kwa mtoto mdogo namna hii homa huenda isionekane kabisa, na kukata pumzi kukawa dalili ya kwanza na ya pekee. Wa pili ni sukari iliyoshuka. Kisha upungufu wa damu, damu kuvuja ndani ya ubongo, matumbo kuvimba na kuoza, au degedege, ambalo kwa njiti huweza kuja bila mtikisiko wowote, mtoto akikaza macho na kuacha kupumua. Zipo pia dawa za maumivu alizochomwa mama wakati wa uchungu. Usingizi wake humfikia mtoto.

Baridi inastahili kutajwa peke yake. Uwanda wa Katanga ya kusini uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto la Lubumbashi hushuka chini ya nyuzi 10. Mtu wa Kinshasa au wa Mombasa huenda asiamini kwamba mtoto anaweza kupatwa na baridi kali katika Afrika ya kati, lakini mama wa Kambove anayefunga dirisha kwa gunia mwezi wa sita hahitaji kuelezwa. Mtoto wa gramu 1,200 hana mafuta chini ya ngozi, na hawezi kutetemeka ili ajipashe joto. Akipoa, pumzi hukatika zaidi. Akipashwa joto kwa pupa, kwa chupa za maji ya moto au kuvezi (kasha la kumpashia mtoto joto) iliyowashwa kupita kiasi, pumzi hukatika vilevile. Kinachotakiwa ni joto la mwili la nyuzi 36.5 mpaka 37.5, lisilopanda na kushuka.

Sasa maziwa. Mahali umio unapoingia tumboni pana msuli wa duara unaobana ili chakula kisirudi. Zamani ilidhaniwa kwamba kwa njiti msuli huo ni legevu wakati wote. Sivyo. Una nguvu ya kutosha, ila hulegea ghafla kwa sekunde chache bila mtoto kumeza kitu, na kila unapolegea tumbo lililojaa hupandisha. Mtoto amelala chali muda mwingi, analishwa vimiminika vitupu, na kwa uzito wake kiasi anachopewa ni kikubwa kuliko mtu mzima yeyote angeweza kustahimili. Mrija wa kulishia uliopita katikati ya msuli nao husaidia kuuacha wazi. Waya mwembamba unaopima umeme ndani ya umio umeonyesha kwamba watoto njiti wasio na shida yoyote hupandisha makumi ya mara ndani ya saa 24, na matukio mengi hayafiki hata mdomoni.

Tena mengi ya matukio hayo si ya asidi. Maziwa huizima asidi ya tumbo kwa muda wa saa moja au mbili baada ya mlo, na mtoto anayelishwa kila baada ya saa mbili au tatu hukaa sehemu kubwa ya siku akiwa na tumbo lisilo kali. Kwa hiyo kuita jambo hili kiungulia, kama cha mtu mzima aliyekula pilipili na bukari (ugali) usiku, ni kulipa jina la ugonjwa mwingine.

Hata hivyo, waliounganisha maziwa na pumzi hawakuwa watu wa kubahatisha. Kwenye zoloto, mlango wa njia ya hewa, kuna kinga kali: tone la kimiminika likigusa hapo, koo hufunga. Mtu mzima hukohoa. Kwa njiti kikohozi bado hakijakomaa, na kinachotokea ni kumeza, kuacha kupumua na moyo kupunguza mwendo. Majaribio ya kudondosha maji kwenye koo, kwa wanyama wachanga na kwa watoto, yalionyesha hivyo waziwazi, na mwaka 1985 watafiti wa Marekani walieleza juu ya watoto waliokata pumzi wakati wa kucheua. Mantiki ilionekana imekamilika. Kilichokosekana ni hesabu: kati ya mara zote pumzi ilipokatika kwa siku nzima, ni mara ngapi maziwa yalitangulia?

Kuhesabu hivyo kulitaka vyombo viwili vinavyorekodi pamoja, kimoja pumzi na moyo, kingine mwendo wa kimiminika kwenye umio, kiwe cha asidi au kisiwe. Mwaka 2002 mtafiti Peter na wenzake wa Ujerumani walifanya hivyo, na hawakukuta uhusiano wa wakati kati ya mambo hayo mawili. Yote yalikuwapo kwa wingi, lakini kila moja lilikuwa na ratiba yake. Mwaka 2010 Juliann Di Fiore na wenzake, huko Cleveland, Marekani, walirekodi watoto 71 ambao tayari walikuwa wakishukiwa kuwa maziwa ndiyo yanayowasumbua. Walipata karibu matukio 13,000 ya pumzi kukatika, moyo kupungua mwendo au oksijeni kushuka. Yaliyotanguliwa na maziwa kupanda hayakufika asilimia 3, na hayo machache hayakuwa marefu wala makali kuliko mengine.

Kilichojitokeza zaidi kilikuwa kinyume chake, yaani pumzi kwanza, maziwa baadaye. Pumzi inapokatika, msuli ulio mlangoni mwa tumbo hupoteza nguvu, na maziwa yanapata njia. Mtu akitafakari namna tukio linavyoonekana kwenye wodi, ataelewa kwa nini kosa lilidumu muda mrefu. Muuguzi mmoja ana watoto kumi. Hamtazami mtoto wa tatu wakati kifua kinaposimama. Anageuka anapoona rangi imebadilika au anaposikia kengele ya mashine, kama mashine ipo na umeme upo. Akifika, anakuta maziwa midomoni. Aliyoyakuta ndiyo anayoyaandika kwenye karatasi kuwa chanzo, na daktari anayepita asubuhi husoma karatasi.

Kutoka kwenye karatasi hiyo zilifuata dawa. Sisapridi, iliyosifiwa kwa kusukuma chakula kishuke haraka, iliondolewa kwenye soko la Marekani mwaka 2000 kwa sababu ya kuvuruga mwendo wa moyo. Domperidoni na metoklopramidi zina madhara yake kwa moyo na kwa neva, na hakuna moja iliyothibitika kupunguza kukatika kwa pumzi. Dawa za kuzima asidi ndizo zenye somo kubwa. Asidi ya tumbo ni mlinzi, huua vijidudu vinavyomezwa. Mtoto njiti hana walinzi wengi, na kumwondolea mmoja si jambo dogo. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2012, ukiongozwa na Gianluca Terrin, uliwafuata watoto 274 wenye uzito mdogo sana. Waliopewa ranitidini walipata uambukizi kwa asilimia 37.4, wasiopewa asilimia 9.8, na vifo vilikuwa asilimia 9.9 dhidi ya 1.6. Inawezekana waliopewa dawa walikuwa wagonjwa zaidi tangu mwanzo, na utafiti wa namna hiyo hauwezi kuliondoa shaka lote. Lakini dawa isiyo na faida iliyothibitika haihitaji ushahidi mkubwa wa madhara ili iachwe. Mwaka 2018 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kiliandika wazi kwamba dawa za kuzuia maziwa kupanda zitumike kwa nadra sana, kama zitumike kabisa, kwa watoto njiti. Kuongeza unga au kitu cha kufanya maziwa kuwa mazito nako hakufai kwa umri huu. Marekani ilitoa onyo mwaka 2011 baada ya matumbo ya baadhi ya njiti waliopewa kizito cha dukani kuharibika.

Iko hali moja ambamo maziwa yana hatia kweli, nayo si kucheua. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio mmoja ni ufundi unaokomaa karibu na wiki ya 34. Mtoto wa wiki 32 anayewekewa chupa mdomoni kwa sababu anaonekana ana njaa humeza mfululizo bila kupata nafasi ya kuvuta hewa, na anageuka bluu katikati ya mlo. Tiba yake ni kuacha chupa na kumlisha kwa mrija, au kwa kikombe kidogo atakapokuwa tayari. Na matapishi ya kijani au yenye damu ni habari nyingine kabisa: yanataka hospitali siku hiyo hiyo.

Ulishaji wenyewe unafaa kuangaliwa kwa karibu. Mtoto wa gramu 1,200 aliyefikia kiasi kamili cha mililita 150 kwa kila kilo kwa siku, akilishwa mara nane, anapata mililita 22 au 23 kwa mlo, yaani vijiko vinne na nusu vya chai. Bomba la sindano bila kisukumio chake huunganishwa kwenye mrija, maziwa ya mama yakamiminwa ndani, na bomba likashikiliwa kidogo juu ya mtoto. Maziwa yanashuka yenyewe kwa robo saa au zaidi. Bomba likiinuliwa yanakimbia, likishushwa yanapungua mwendo. Mkono unachoka. Muuguzi mwenye watoto kumi, au bibi anayesaidia kushika bomba, hushawishika kuchukua kisukumio na kumaliza kazi kwa nusu dakika. Tumbo linavimba ghafla, linasukuma kiwambo juu, mapafu yanabanwa, na baada ya muda maziwa yanarudi. Sehemu kubwa ya kucheua kunakopelekewa dawa kungeisha kwa kuacha kisukumio mezani.

Pumzi ikikatika, kazi ya kwanza ni ya mkono. Shingo inyooshwe kidogo, bila kupinda nyuma wala mbele, maziwa yafutwe mdomoni, kisha mgongo usuguliwe kwa upole au wayo uguswe kwa kidole. Wengi hurudi hapo hapo. Asiyerudi anapumuliwa kwa mfuko wenye barakoa ndogo, ambao kila chumba cha kujifungulia kinapaswa kuwa nao karibu, si kabatini. Kumtikisa, kumning'iniza kichwa chini au kumpiga makofi ni hatari, kwa kuwa mishipa ya ubongo wa njiti hupasuka kirahisi. Na kila tukio liandikwe: saa, sekunde, rangi, nini kilimrudisha, alikuwa anakula au amelala. Safu ya maandishi hayo kwa siku tatu humweleza daktari mengi kuliko kipimo kimoja cha gharama.

Dawa ya pumzi yenyewe ipo, na ni ya ukoo wa kahawa. Aminofilini ilianza kutumiwa kwa watoto njiti mapema miaka ya 1970, na kafeini ikafuata kabla ya muongo kwisha. Zote mbili huamsha shina la ubongo. Aminofilini ni rahisi kupatikana, ila kati ya kiasi kinachotibu na kinachodhuru pana nafasi ndogo: moyo hukimbia, mtoto hutapika. Kafeini ni salama zaidi, na hupewa mara moja kwa siku kwa kuwa hukaa mwilini mwa njiti kwa siku kadhaa. Jaribio kubwa lililoongozwa na Barbara Schmidt wa Canada, lenye watoto 2,006, lilitoa matokeo yake mwaka 2006 na 2007: waliopewa kafeini walipata ugonjwa sugu wa mapafu kwa asilimia 36 badala ya 47, na walipofikisha mwaka mmoja na nusu hivi, waliokuwa wamekufa au kupata ulemavu walikuwa wachache kuliko wasiopewa. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2022. Iko kejeli ndogo hapa: kafeini huulegeza kidogo msuli wa tumbo na kuongeza asidi. Kama maziwa yanayopanda ndiyo yangekuwa yanakata pumzi, kafeini ingeongeza shida, lakini inaipunguza. Kahawa ya nyumbani, soda au chai ya rangi si mbadala wake. Kipimo chake ni cha miligramu kwa kilo, na hakuna kijiko kinachoweza kukipima.

Dawa isipokuwapo, kifua cha mama kipo. Mtindo wa kangaruu ulianzishwa Bogotá, Colombia, na daktari Edgar Rey Sanabria mwishoni mwa miaka ya 1970, kuvezi zilipokuwa chache na watoto wakilazwa wawili watatu katika moja. Mtoto huvuliwa nguo, akabaki na nepi na kofia, akasimamishwa kati ya matiti ya mama, kichwa kimegeuzwa upande, shingo imenyooka, na kitambaa kikawafunga wote wawili. Kwa wanawake wa Katanga kitenge kinachombeba mtoto mgongoni hutosha kabisa kumbeba mbele. Mkao huo unatatua mengi kwa pamoja: joto halibadilikibadiliki, kidevu hakianguki kifuani, maziwa yanakaa chini kwa sababu mtoto amesimama, na mama anasikia pumzi ya mwanawe hata gizani. Utafiti wa mwaka 2021 uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto wa kilo 1.0 mpaka 1.8, ulionyesha kwamba kuanza kangaruu mara baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto atulie kwanza, kulipunguza vifo vya siku 28 za kwanza kutoka asilimia 15.7 hadi 12. Kwenye barabara ya kwenda Likasi, mtoto aliyefungwa kifuani mwa mama yuko salama kuliko aliyezungushiwa blanketi na kulazwa kwenye kiti, ili mradi mtu mwingine amtazame uso njia nzima.

Anayeendelea kukata pumzi licha ya hayo anahitaji hewa yenye msukumo puani, inayozuia koo kulala. Kifaa cha bei nafuu cha aina hiyo, ambacho msukumo wake hupimwa kwa mapovu kwenye chupa ya maji, kilijaribiwa katika Hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi. Katika ripoti ya mwaka 2014, asilimia 71 ya watoto waliowekewa kifaa hicho walipona, dhidi ya 44 ya waliopewa oksijeni peke yake. Lakini mtambo wa oksijeni hutaka umeme, na umeme wa mji wa migodi haumfikii kila mtu mjini. Oksijeni nayo ina kiasi chake, kwani ikizidi huharibu macho ya njiti.

Kurudi nyumbani huamuliwa kwa kalenda. Hospitali nyingi hungoja siku tano mpaka saba bila tukio, zikihesabiwa baada ya dawa kwisha mwilini. Nyumbani mtoto alazwe chali, hata kama anacheua. Kumlaza kifudifudi kunapunguza kucheua, lakini huongeza hatari ya kifo cha ghafla usingizini, na pasipo mtu wa kumwangalia usiku kucha hatari hiyo haina fidia. Chanjo za wiki ya sita zisicheleweshwe. Kwa aliyezaliwa mdogo sana ambaye bado yuko hospitalini, pumzi huweza kukatika tena siku moja au mbili baada ya sindano, na huangaliwa kwa muda huo. Anayefanyiwa upasuaji wa ngiri katika miezi ya mwanzo abaki usiku mmoja wodini, kwa sababu dawa ya usingizi huirudisha hali ya zamani.

Kucheua hakuendi kwa kalenda hiyo. Pumzi huwa imetulia tangu siku ambayo mtoto alipaswa kuzaliwa, au wiki chache baada yake, ilhali maziwa yanaendelea kupanda, yakawa mengi zaidi karibu na mwezi wa nne, na kupungua anapojifunza kukaa na kuanza kula uji. Mtoto anayeongezeka uzito kila anapowekwa kwenye mizani, hata akilowesha mabega ya shangazi zake wote, hahitaji tiba yoyote ya tumbo. Asiyeongezeka, anayekataa kunyonya au anayekohoa kila anapolishwa, huyo arudishwe hospitali.